Ujumbe Mfupi Unaostahili Jibu: Simu ya Mkononi katika Huduma za Wajawazito

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mganga Mkuu wa Wilaya, wajumbe wa timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, waganga wafawidhi wa vituo na zahanati, wauguzi na wakunga wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya ujumbe mfupi wa simu katika kumsaidia mama mjamzito, na nitasema mapema ninakoelekea ili asiyekubaliana nami apate muda wa kujiandaa. Ujumbe mfupi unafaa, na ushahidi upo, tena upo hapa hapa kwetu Tanzania. Lakini kila nilipousoma ushahidi huo kwa makini nimekuta kwamba nyuma ya ujumbe palikuwa na mtu wa kupokea simu, na mtu huyo ndiye tunayemsahau kila tunapoandika bajeti. Tunanunua mtambo wa kutuma, tunamlipa mtaalamu wa kompyuta, tunazindua kwa fulana na kofia, kisha mama anajibu ujumbe akiwa na swali lake na swali hilo halimfikii mtu yeyote.

Kwa nini tung'ang'anie ujumbe mfupi wakati vijana wetu wote wamehamia kwenye makundi ya WhatsApp? Kwa sababu mama tunayemhofia zaidi hayupo kwenye makundi hayo. Ana kitochi, au anatumia simu ya mume, au ya mama mkwe, na bando hana. Ujumbe mfupi unaingia kwenye kitochi bila intaneti, unamsubiri ikiwa simu ilizimika kwa kukosa chaji, unabaki humo hadi atakapopata wa kumsomea ikiwa hajui kusoma, na mtumaji akilipia gharama, mpokeaji hakatwi hata shilingi.

Kazi tunayotaka ujumbe huo uifanye inaeleweka vizuri. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wajawazito kuhudhuria kliniki angalau mara nne. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango hicho hadi mara nane, hudhurio la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12 kutimia, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mahudhurio yamesogezwa yakaribiane mwishoni kwa sababu miezi ya mwisho ndiyo presha inapopanda kimya kimya na mtoto anapoweza kupunguza kucheza bila mama kujua maana yake. Sasa tazameni tulipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba asilimia 51 ya akina mama walihudhuria mara nne au zaidi, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 65. Tumesogea, lakini kwenye kipimo cha zamani. Na katika utafiti ule wa kwanza, mama mmoja tu kati ya wanne alianza kliniki kabla ya mimba kutimiza miezi minne.

Tafiti hizo hizo mbili zilionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vikishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Nimewahi kusikia mtu akisimama jukwaani na kuunganisha mporomoko huo na mradi wake wa simu. Naomba tusifanye hivyo. Kuna vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, kuna damu salama, kuna usafiri wa dharura, kuna wakunga walioajiriwa, na ujumbe mfupi una sehemu yake ndogo humo ndani, sehemu ambayo inatosha kuitetea bila kuitia chumvi.

Wengi wenu mnaikumbuka kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012. Mama alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, akaulizwa maswali machache kuhusu umri wa mimba, na tangu hapo akawa anapokea ujumbe kwa Kiswahili, bure, kulingana na wiki aliyofikia, na baada ya kujifungua ujumbe uliendelea kuhusu mtoto. Jambo moja katika kampeni ile ninalisifu hadi leo, nalo ni kwamba milango haikuwa kwa mjamzito peke yake. Mume, dada, rafiki, yeyote aliyetaka kumsaidia mama, aliweza kujiandikisha naye akapokea ujumbe wake. Nyumbani kwetu uamuzi wa kwenda kliniki mara nyingi haufanywi na mwenye tumbo peke yake, na anayetoa nauli anahitaji kujua ni kwa nini nauli inatakiwa wiki hii, si wiki ijayo baada ya mavuno kuuzwa.

Nataka nikae zaidi na utafiti wa Zanzibar, kwa sababu unatajwa sana na kusomwa kidogo. Uliitwa Wired Mothers, ukafanyika Unguja kati ya mwaka 2009 na 2010 katika vituo 24 vya huduma za msingi, katika wilaya sita, na ulihusisha wajawazito 2,550. Vituo vilipigiwa kura: vingine viliendelea na huduma ya kawaida, na vingine wajawazito wao wakaingizwa kwenye mpango wa simu. Waliandikishwa wote bila kujali kama mama ana simu yake au hana. Matokeo yake ni kwamba katika vituo vya mpango, asilimia 44 ya akina mama walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, wakati kwenye vituo vingine ilikuwa asilimia 31. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60 dhidi ya asilimia 47. Na vifo vya watoto, kwa maana ya waliozaliwa wafu na waliofariki katika wiki ya kwanza, vilikuwa 19 kwa kila vizazi 1,000 kwenye vituo vya mpango, na 36 kwenye vituo vingine.

Takwimu hizi zikifika kwenye mikutano yetu, zinafika zikiwa zimevaa jina la ujumbe mfupi peke yake. Lakini mama wa Unguja hakupewa ujumbe tu. Alipewa na vocha ya muda wa maongezi pamoja na namba za watoa huduma, ili akipata mashaka ampigie mkunga, na mkunga ampokee. Ujumbe ulimkumbusha tarehe na kumfundisha dalili za hatari. Vocha ilimpa ruhusa ya kuuliza, na ruhusa ya kuuliza ni kitu kikubwa kwa binti wa miaka 19 ambaye hajawahi kumpigia simu mtumishi wa serikali. Mtu akiniambia ataiga mafanikio ya Unguja kwa kutuma ujumbe bila vocha na bila mkunga anayepokea, namwambia anaiga nusu ya kazi, tena ile nusu ya bei rahisi.

Utafiti ule ule una habari nyingine isiyopendeza, nayo hatupaswi kuiruka. Ongezeko la kujifungua kwa mtaalamu lilionekana wazi kwa akina mama wa mjini. Kwa wa shamba halikuonekana. Kwa mjini, mama akishajua kwamba chupa ikipasuka anatakiwa aende hospitali, hospitali ipo na bodaboda ipo. Kwa shamba alijua vilevile, ila maarifa hayana matairi. Wataalamu wa afya ya uzazi wamekuwa wakizungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ujumbe mfupi unaweza kupunguza ule wa kwanza. Kwa ule wa pili tuna mfumo wa m-mama, ambapo mama au jirani anapiga 115 bure, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa kwa safari hiyo. Kila ujumbe tunaoutuma kuanzia wiki ya 28 ungepaswa kuwa na tarakimu hizo tatu, na nashangaa ni mara ngapi tunazikosa.

Kuna mfano mwingine ambao si wa wajawazito, lakini kila anayepanga huduma ya ujumbe angepaswa kuujua. Nchini Kenya, kati ya mwaka 2007 na 2009, watu walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi katika kliniki tatu walishirikishwa kwenye utafiti ulioitwa WelTel. Nusu yao walikuwa wakipokea, mara moja kwa wiki, ujumbe wenye neno moja: Mambo? Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama Sawa, ama Shida. Aliyejibu Shida alipigiwa simu na muuguzi, na aliyekaa kimya naye alipigiwa. Hakukuwa na somo lolote kuhusu dawa ndani ya ujumbe ule, hakukuwa na onyo, wala neno la VVU halikutajwa. Waliokuwa wakitumia dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi lisilopata. Sisi tulio kwenye elimu ya afya tunapenda sana kufundisha, na tukipewa nafasi ya herufi mia tunataka tuingize mtaala mzima. Huu mfano wa Mambo, Sawa na Shida unatufaa kutupunguzia makali.

Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi na kuifanya huduma hii kuwa ya wizara yenyewe. MomConnect ilizinduliwa Agosti 2014. Mama anaandikishwa kliniki, mimba ikishathibitika, kwa kupiga *134*550#, na jina la kituo chake linabaki kwenye kumbukumbu. Halafu wakampa mama uwezo wa kuuliza swali, kusifia huduma na kulalamika. Malalamiko yakaja: dawa hakuna, foleni ndefu, muuguzi ana lugha mbaya. Kwa kuwa kila ujumbe umefungwa kwenye kituo fulani, wizara iliweza kujua ni wapi. Najua baadhi yenu mmejikunja kwenye viti mliposikia habari ya kulalamika. Lakini fikirini upande wa pili. Tukimtumia mama ujumbe wa kumwita aje apimwe wingi wa damu na mkojo, akatoa nauli, akafika akaambiwa vitendanishi vimekwisha, hatarudi, na ujumbe wetu unaofuata hataufungua. Bora atuambie, kuliko awaambie wanawake wenzake kisimani.

Sasa nishuke kwenye uandishi wa ujumbe wenyewe, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Kiswahili chetu kina maneno marefu, na anayeandika kwa kutafsiri kipeperushi cha kitaalamu atajikuta ametumia nafasi yote kabla hajafika kwenye kitenzi. Isitoshe, kuna mtego mdogo ambao mafundi wa mitambo wanaujua na sisi hatuujui: ukiandika neno kama "kung'olewa" kwenye kompyuta inayopinda alama ile ya king'ong'o, mtambo unahesabu alama hiyo kuwa ya kigeni, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe mmoja unalipiwa kama miwili au mitatu. Kwa wajawazito 10, haisumbui. Kwa mkoa mzima, ni bajeti ya robo mwaka imeliwa na alama moja.

Chukueni rasimu ya aina ambayo hupita kwenye vikao bila mtu kuinua mkono: "Mama, mimba yako ina wiki 20, nenda kliniki umeze SP ya kuzuia malaria." Ni fupi, inaeleweka, na kwa akina mama wengi ni sahihi, kwani SP hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa kuachana angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, na tunataka mama apate dozi tatu au zaidi. Lakini mama anayeishi na VVU na anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi, hapewi SP, kwa sababu dawa hizo mbili hazichanganywi. Ujumbe ule unamwelekeza kwenye dawa isiyomfaa. Na tukiwatenga wenye VVU tukawaandikia ujumbe wao tofauti, tumewaandika kwenye kioo cha simu ambayo huenda iko mfukoni mwa mtu mwingine. Ndiyo maana mimi ningependekeza maneno haya: "Mama, mimba sasa ina wiki 20. Nenda kliniki na kadi yako upime presha na damu. Muulize mkunga dawa za kinga unazostahili leo. Una swali? Jibu hapa, ni bure." Ni herufi 156. Uamuzi wa dawa umebaki kwa mkunga mwenye kadi mkononi, mahali ulipokuwa siku zote, na hakuna mtu anayeweza kusoma hali ya mama kutoka katika maneno yale.

Ingawa hata hapo neno mimba lenyewe limo, na si kila mama ametangaza. Miezi ya kwanza kwetu huwa ni ya kuficha, wengine kwa hofu ya macho ya watu, wengine kwa sababu wako shuleni, wengine kwa sababu waliwahi kupoteza. Kwa hiyo swali la kwanza wakati wa kuandikisha si namba ya simu, bali ni simu ya nani, nani mwingine huishika, na je, uko radhi ujumbe wa namna hii uonekane humo. Jibu likiwa hapana, basi atumwe mhudumu wa jamii kwa miguu. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Orodha ya wajawazito yenye majina na namba za simu haiwezi tena kuzunguka kwenye simu za maafisa kama ratiba ya mpira.

Kuandikisha kufanyike kliniki, mama akiwa bado kwenye benchi, na ujumbe wa kwanza uingie mbele ya macho ya mkunga. Nasema hivyo kwa sababu namba ngeni zimetuchosha. Mtanzania ambaye kila wiki anapokea "ile hela tuma kwenye namba hii" amejifunza kufuta kwanza na kuuliza baadaye. Mkunga akimwonyesha kwa kidole kwamba jina hili la mtumaji ndilo letu, na kwamba sisi hatutaomba pesa wala namba ya siri kamwe, ujumbe wa pili utasomwa. Kasoro ya njia hii mnaiona: anayechelewa kuanza kliniki anachelewa pia kuandikishwa, na ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Kwa huyo hakuna ujumbe utakaomfikia kabla ya mhudumu wa jamii anayejua nyumba ipi ina bibi harusi wa mwaka huu.

Niseme neno kuhusu tarehe. Mfumo wote wa kutuma ujumbe kwa wiki unategemea siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na akina mama wengi wanaikumbuka kwa kusema "ilikuwa Ramadhani" au "mahindi yalikuwa yameanza kubeba". Mkunga anapima kimo cha mji wa mimba, anakadiria, anaandika. Makosa ya wiki tatu si ajabu. Basi kadirio likisahihishwa kwenye kadi, lisahihishwe na kwenye mtambo, vinginevyo mama atapokea pongezi za kujifungua akiwa bado anateka maji na tumbo lake.

Hilo linachekesha. Lisilochekesha ni mama aliyepoteza. Mimba imetoka wiki ya 18, au mtoto amezaliwa mfu, na mtambo hauna habari. Unaendelea kumwambia kwamba sasa mtoto anasikia sauti yako, na baadaye kwamba mtoto wako ametimiza wiki 6, mpeleke chanjo. MomConnect walilifikiria hili wakaweka njia ya mama kueleza kwamba amepoteza, ujumbe wa kawaida ukakatwa, na akitaka akapata ujumbe wa kumliwaza. Kwetu ningetaka jukumu hilo lisiachwe kwa mama. Anayejaza rejista ya wodi ya wazazi, siku hiyo hiyo, kabla mama hajaruhusiwa, aizuie namba ile. Iwe ni safu kwenye rejista, na msimamizi anapokuja kukagua aikague kama anavyokagua sahihi ya mkunga.

Namalizia na fedha, kwa kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao bado uko mezani. Naomba kifungu cha ujumbe mfupi kisipitishwe bila kifungu cha majibu kando yake: simu moja ya zamu kwa kila kituo cha afya chenye wodi ya wazazi inayofanya kazi usiku na mchana, muda wa maongezi wa kila mwezi, chaja, na daftari la kuandika nani alipiga, alisema nini na alielekezwa wapi. Simu hiyo ikabidhiwe kwenye makabidhiano ya zamu pamoja na funguo za kabati la dawa, isiwe simu ya mkunga binafsi ambaye akihamishwa anaondoka na namba.

Zahanati zenye muuguzi mmoja zisiongezewe mzigo huu. Muuguzi huyo anazalisha, anachanja, anagawa dawa na kujaza taarifa. Tukimpa na simu ya usiku tutakuwa tumehamisha upungufu wetu kwenye usingizi wake. Wajawazito wa zahanati hizo waelekezwe kwenye namba ya kituo cha afya kilicho karibu, na kwa dharura 115. Tukiona baada ya miezi sita kwamba simu za zamu zinapokelewa, ndipo tuongeze idadi ya wanaotumiwa ujumbe. Zisipopokelewa, tusimamishe kutuma hadi tujue sababu. Rasimu ya kifungu hicho nimemkabidhi mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto, na niko tayari kwa maswali, nikianza na ya waganga wafawidhi.